Je, ni masomo yenyewe ya udaktari yanayotufanya tuione zahanati kama adhabu?

Mwaka wa Nne aliuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, nanyi wenzangu habari za masomo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne wa shahada ya udaktari hapa Tanzania, na swali ninalolileta limenikaa kifuani tangu niliporudi kutoka katika wiki sita za mafunzo kwenye kituo cha afya cha kata.

Nimezaliwa na kukulia kijijini, wilayani Namtumbo, mahali ambapo zahanati ndiyo iliyokuwa hospitali yetu. Katika wiki ya kwanza ya chuo mhadhiri mmoja alituuliza ni akina nani wangependa, wakishahitimu, kufanya kazi katika zahanati na vituo vya afya, na mikono mingi ikainuka, wangu ukiwamo. Mwaka huu mhadhiri mwingine aliuliza swali lilelile na haukuinuka mkono hata mmoja. Nami sikuinua. Kilichonishtua ni kwamba siikumbuki siku niliyobadili nia. Hakuna aliyenikataza kurudi kijijini, wala sijasoma popote kwamba huduma za afya ya msingi ni kazi ya walioshindwa kwingine, lakini wazo hilo nimelikuta limo ndani yangu, limekwisha kukomaa, kama mtu anayegundua kuwa lafudhi yake imebadilika baada ya kukaa ugenini miaka mingi.

Nimejaribu kurudi nyuma nione lilipoingilia. Miaka miwili ya kwanza ilikuwa ya anatomia, fiziolojia na biokemia. Kuanzia mwaka wa tatu tumeishi wodini, na karibu kila aliyetufundisha kumpima mgonjwa ni daktari bingwa; akiingia bingwa bobezi, hata mabingwa wanampisha. Huduma za afya ya msingi tulizisoma katika somo la afya ya jamii, tukiwa ukumbini mchana baada ya chakula: Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, vyoo bora, ratiba ya chanjo, namna ya kukokotoa kiwango cha maambukizi. Ni mambo ya maana, nami siyadharau, lakini hakukuwa na hata siku moja tulipoonyeshwa kwamba mtu anayehudumu zahanati anatumia akili ya tiba. Ikawa kana kwamba kufikiri hufanyika wodini, na kijijini watu huhesabu vyoo tu. Na zahanati inapotajwa kwenye raundi, hutajwa kwa namna moja: mgonjwa amefika akiwa katika hali mbaya, karatasi ya rufaa ina mistari miwili, na mtu anauliza, "Nani aliyemharibu hivi kabla ya kumleta?"

Kisha nikapelekwa kituo cha afya. Siku ya pili mganga mfawidhi aliniacha katika chumba cha wagonjwa wa nje pamoja na tabibu, yaani mtaalamu wa tiba ambaye si daktari wa shahada, na ilipofika saa tano asubuhi jasho lilikuwa linanitoka. Hospitalini mgonjwa hunijia akiwa amekwisha kuchambuliwa: huyu wa watoto, huyu wa upasuaji, huyu wa uzazi. Kule alikuja mama akasema mwili wote unamuuma na usingizi umempotea, akaja mtoto mwenye homa ya siku moja asiye na dalili nyingine yoyote, akaja mzee ambaye hakutaka kusema kilichomleta mbele ya mkwewe aliyemsindikiza. Mimi naweza kutaja sababu kumi za ini kuvimba, zikiwamo zile ambazo huenda nisizione maishani mwangu, lakini sikujua kama yule mtoto nimruhusu aende nyumbani. Tabibu alijua. Alimuuliza mama maswali machache, akahesabu pumzi za mtoto, akapima malaria kwa kipimo cha haraka, akamweleza mama dalili ambazo akiziona amrudishe usiku uleule bila kungoja kukuche, na yote hayo hayakuzidi dakika saba. Nilijiona mgeni katika kazi niliyokuwa nikiidharau.

Swali langu ni hili. Je, ni mafunzo yetu yanayoiondoa nia ile ya mwaka wa kwanza, au tungebadilika tu kwa sababu ya mishahara na ugumu wa maisha ya kijijini, hata kama tungefundishwa vingine? Na kama ni mafunzo, ni mahali gani hasa yanapotupinda, na je, mwanafunzi aliyemo ndani anaweza kufanya lolote kabla hajahitimu?

Bingwa wa Watoto alijibu:

Marahaba, mwanangu. Mimi ni daktari bingwa wa watoto na nimefundisha kwa miaka mingi. Swali lako limenigusa kwa sababu maneno hayo ya "nani aliyemharibu hivi" nimeyatamka mimi mwenyewe mbele ya wanafunzi, si mara moja wala mbili.

Kuna mwanasosholojia wa Marekani, Frederic Hafferty, ambaye mwaka 1994 aliandika pamoja na mwenzake kuhusu mtaala uliofichika katika vyuo vya udaktari, yaani yale ambayo mwanafunzi hujifunza bila kufundishwa: nani anasalimiwa kwanza, nani anakatizwa anapozungumza, ni jambo gani mwalimu analisimulia kwa fahari na lipi analisimulia kwa dharau. Niliposoma hoja hiyo niliikubali kichwani, nikaendelea kufanya vilevile. Kilichonibadilisha ni daftari.

Tulikuwa tumempokea mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo, amechelewa, na alitoka zahanati moja iliyo mbali na barabara ya lami. Alifariki dunia siku ya pili. Kwenye raundi niliwaambia wanafunzi kwamba zahanati zetu zinatuulia watoto. Miezi kadhaa baadaye nilikwenda kwenye huduma za mkoba, zile za kuwafuata wagonjwa vijijini, katika tarafa ileile, nikakutana na tabibu aliyempa mtoto yule rufaa. Hakunigombeza. Alinifungulia kitabu cha MTUHA, yaani rejesta ya wagonjwa wa kituo, cha mwezi ule akaniwekea mbele. Kurasa kwa kurasa zilikuwa na watoto wenye homa, kikohozi na kuharisha, na karibu wote aliwatibu palepale, wakapona, hawakufika kwangu kamwe. Mimi katika maisha yangu yote ya ubingwa nilikuwa nimewaona wale walioharibikiwa tu. Waliopona sikuwa nimewahi kuwaona, na wanafunzi wangu pia hawakuwaona. Tena anayempokea mtoto siku ya tano ana faida ya siku nne ambazo aliyempokea siku ya kwanza hakuwa nazo. Shingo iliyokakamaa siku ya tano kila mtu anaitambua. Siku ya kwanza ilikuwa homa tu.

Jambo hili lilikwisha kupimwa zamani. Mwaka 1961 daktari Kerr White na wenzake walikusanya takwimu za Marekani na Uingereza wakaonyesha kwamba kati ya watu wazima 1,000, katika mwezi mmoja watu 750 hivi huugua au kuumia kwa namna fulani, 250 humwona daktari, 9 hulazwa, 5 hupelekwa kwa daktari mwingine, na 1 tu ndiye anayefika katika hospitali ya chuo kikuu. Watafiti wengine walipotazama tena takwimu za Marekani miaka arobaini baadaye, picha ilikuwa karibu ileile. Takwimu za kwetu zingetofautiana kwa mengi, lakini tazama maana yake kwa mwanafunzi: anajifunza udaktari kwa kumwangalia yule mmoja kati ya elfu, kisha anashangaa kwamba hajui la kumfanyia yule wa mia mbili na hamsini. Unachokiita ugeni wako pale kituoni ni matokeo ya mahali ulipofundishiwa, wala si upungufu wa akili yako.

Na usidhani kwamba dakika saba za yule tabibu ni kazi ndogo. Alichokuwa akikifanya ni utaratibu wa IMCI, yaani wa kuchunguza na kutibu kwa pamoja magonjwa ya watoto wadogo: je, mtoto anaweza kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au amepoteza fahamu, kisha pumzi, ambazo kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11 zikifika 50 kwa dakika ni za haraka, na kwa aliyetimiza mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitano ni 40. Utaratibu huo ulitathminiwa hapa nchini kwetu. Wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji, ambazo wahudumu wake walikuwa wamefunzwa hivyo, zililinganishwa na Kilombero na Ulanga, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba katika muda wa miaka miwili vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika wilaya zile mbili za kwanza. Sijui ni dawa gani ya wodini kwangu ninayoweza kuisimamia na kudai imefanya hivyo kwa wilaya mbili nzima.

Sasa nifanyeje mimi niliye mwalimu? Nimeacha ile sentensi. Kila mtoto anayefika kwa rufaa, mwanafunzi aliyepewa kitanda chake humpigia simu aliyemleta, humuuliza aliona nini na alikuwa na nini mkononi siku ile, kisha huandika mrejesho wa rufaa tunaoutuma zahanati kupitia ndugu za mgonjwa wanaporuhusiwa. Mwanzoni wanafunzi waliona ni kazi ya ziada. Wengi wao, baada ya simu ya kwanza, hurudi wametulia.

Daktari wa Halmashauri alijibu:

Namheshimu sana Mwalimu aliyetangulia, na ninayakubali aliyoyasema kuhusu raundi, lakini naomba tusiibebeshe wodi mzigo wote. Mimi nilihitimu nikiwa na nia ileile ya kijana wetu, nikamaliza mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, nikaajiriwa kuwa Daktari Daraja la II katika kituo cha afya. Kazi niliipenda. Bado naipenda. Nimeomba kwenda kusomea upasuaji, na nitaeleza kwa nini.

Katika kituo cha afya hakuna ngazi ya kupanda ukiwa bado unatibu. Nikiwa hodari sana nitakuwa mganga mfawidhi, yaani nitasaini hati za malipo na kufuatilia dawa. Nikizidi kuwa hodari huenda siku moja nikawa mganga mkuu wa wilaya, na hapo sitamgusa mgonjwa tena, nitagusa mafaili na vikao. Mwenzangu aliyebaki hospitali ya mkoa anasomea ubingwa, anapanda cheo kwa kuwa anatibu vizuri zaidi, na jioni anaalikwa hospitali binafsi. Leo kambi za madaktari bingwa zikifika wilayani, watu hupanga foleni tangu alfajiri, na wana haki, lakini mimi niliyekuwa pale mwaka mzima nikiwahudumia watu walewale hakuna aliyewahi kunitangaza kwa kipaza sauti. Mkono mtupu haulambwi, na hapa sizungumzii fedha pekee. Nyumba ya mtumishi iliyovuja kwa masika mawili, mwenzi wako asiyepata kazi kule, shule ya watoto, posho ya kuitwa kazini inayochelewa: mambo haya humpata mtu baada ya kuhitimu, wakati masomo yamekwisha kufanya yatakayofanya.

Niongeze jambo moja la historia ambalo wanafunzi hawaambiwi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, nchi yetu ilijenga zahanati na vituo vya afya kwa kasi katika miaka ya 1970, na waliozishika ni matabibu, waganga wasaidizi wa vijijini, wauguzi na wakunga, kwa sababu madaktari walikuwa wachache mno. Ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa udaktari anapotazama nyuma hamwoni daktari aliyewahi kuzeeka akitibu katika kituo cha afya. Anamwona daktari aliyepita pale kwa miezi kumi na minane. Mtu hawezi kutamani maisha ambayo hajawahi kumwona yeyote akiyaishi.

Tabibu wa Zahanati alijibu:

Nawasalimu wote. Nimekuwa tabibu kwa miaka kumi na tisa, kumi na mmoja kati ya hiyo katika zahanati niliyopo sasa. Nawashukuru Daktari Bingwa na Daktari wa Halmashauri kwa kusema wazi, nami naomba kusema wazi vilevile.

Wanafunzi wa udaktari huletwa kwetu, na ndani ya saa moja najua ni yupi atajifunza kitu. Asiyejifunza huuliza kwanza maabara iko wapi, mashine ya picha iko wapi, na akisikia hazipo anakaa kwenye benchi anangoja gari la kumrudisha. Simlaumu sana. Amefundishwa kwamba utabibu ni vipimo, na mahali pasipo na vipimo hapana utabibu. Anayejifunza huvuta kiti karibu na changu akasikiliza ninavyouliza.

Nitoe mfano mmoja. Nina mama mmoja anayeuza vitumbua stendi, ana shinikizo la damu. Kwa miezi mitano presha yake haikushuka, na kila alipokwenda hospitali ya wilaya aliongezewa dawa. Mwanafunzi aliyekuwa kwangu alisoma kadi yake akasema huenda ni shinikizo sugu, akanitajia magonjwa ya figo na ya tezi yanayosababisha hali hiyo. Alikuwa sahihi kwamba yapo. Nikamwambia amuulize mama anaimezaje dawa siku ya biashara. Mama akaeleza kwamba kile kidonge cha kukojoa hakimezi siku za kazi, kwa sababu choo cha stendi ni cha kulipia, shilingi mia mbili kila anapoingia, na akiondoka kwenye meza vitumbua vinaibwa. Anafanya kazi siku sita kwa wiki. Nikampigia simu daktari wa hospitali ya wilaya, tukaelewana dawa ibadilishwe, na miezi miwili baadaye presha ilikuwa imeshuka. Yule mwanafunzi aliniuliza nilijuaje. Nilijua kwa sababu mimi pia hupanda basi katika stendi ile, na kwa sababu mama huyo nilimzalisha mtoto wake wa mwisho, kwa hiyo haoni aibu kuniambia mambo ya choo. Huo nao ni utabibu, na hauwezi kufundishwa kwa raundi ya dakika tano kitandani, kwa kuwa unataka mtu awe amekaa mahali.

Lakini nina jambo la kumwambia kijana wetu, nalo huenda likamuuma. Mnapofundishwa kutudharau, mnapokuja kwetu baadaye mkiwa madaktari mnakuja kuwa wakubwa wetu. Anafika daktari wa mwaka wa kwanza wa kazi, anakalia kiti cha mfawidhi, anabadilisha utaratibu ambao hajauelewa, kisha anaondoka kwenda kusoma. Sisi tunabaki tunarekebisha. Tunawahitaji sana, msinielewe vibaya. Mama mwenye kifafa cha mimba anahitaji daktari anayeweza kumpasua usiku, na tangu vituo vya afya vingi vilipojengewa vyumba vya upasuaji katika miaka hii ya karibuni, tumeona wanawake wakiokolewa pale ambapo zamani walifia njiani. Ninachoomba ni kwamba mfundishwe pamoja nasi tangu chuoni, walau mara chache, mwanafunzi wa udaktari na mwanafunzi wa utabibu na wa uuguzi wamshughulikie mgonjwa mmoja, ili tukikutana kazini tusiwe wageni.

Daktari wa Familia, Eldoret, alijibu:

Hamjambo nyote. Naandika kutoka Kenya, na nimefuata mazungumzo haya kwa makini kwa sababu mimi ni daktari wa familia, yaani ninayemhudumia mtu wa umri wowote na mwenye tatizo lolote. Nikisema hivyo, hata kwetu, watu huniuliza, "Bingwa wa nini hasa?" Masomo ya uzamili ya tiba ya familia yalianza katika Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2005, na sehemu kubwa ya mafunzo yangu niliipata Webuye, mbali na hospitali kuu ya rufaa, jambo ambalo sasa naliona ndilo lililoniokoa.

Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa na bahati ya kuanza na wazo kwamba mwanafunzi aende katika jamii mapema. Mpango wa COBES huwapeleka wanafunzi kwenye vituo vya afya tangu mwaka wa kwanza, kabla hawajajazwa woga na majivuno ya wodini. Niliupitia mimi mwenyewe. Lakini nataka kumwonya kijana anayedhani kwamba kupelekwa tu kunatosha, maana mtu anaweza kupelekwa akarudi akiwa na dharau zaidi. Katika safari yangu moja tulikuta mtu wa kutufundisha ambaye alifunga kliniki saa kumi, akaketi nasi, akatupitisha katika kila uamuzi aliofanya siku ile na kutueleza alipokuwa na shaka. Katika safari nyingine hatukuwa na mwalimu. Tulipewa fomu za dodoso, tukahesabu matanki ya maji na vyandarua, tukalala njaa usiku mmoja, tukarudi tukisema kwamba tumeona yote yanayoweza kuonekana kule. Wanafunzi walikuwa walewale, na vituo vile viwili havikutofautiana sana kwa vifaa. Tofauti ilikuwa kwamba katika safari ile ya kwanza tulimwona mtu hodari aliyeipenda kazi ile na aliyekuwa na muda wa kutuonyesha anavyofikiri.

Dharau hii si yetu peke yetu, wala haikuanza kwetu. Mwaka 1958 Lord Moran, aliyewahi kuwa rais wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London, aliiambia tume ya serikali ya Uingereza kwamba madaktari wa kawaida wa mitaani ni wale waliokuwa wakipanda ngazi ya ubingwa wakaanguka. Waliosemwa hivyo walikasirika, lakini walijenga pia. Walikuwa wamekwisha kuunda chuo chao cha kitaaluma mwaka 1952, na mwaka 1963 Chuo Kikuu cha Edinburgh kikamteua Richard Scott kuwa profesa wa kwanza duniani wa fani hiyo. Tangu hapo mwanafunzi wa pale aliweza kumwona profesa ambaye kazi yake ni kumhudumia mtu yeyote anayebisha hodi. Dharau haikwisha siku hiyo, lakini ilipata wa kuijibu ndani ya chuo.

Kwa Daktari wa Halmashauri: nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Nilipohitimu, kaunti iliyoniajiri haikuwa na nafasi ya daktari wa familia katika orodha ya vyeo vyake, nikapangwa wodi ya wanaume, na nilikaa huko karibu miaka mitatu. Mwaka 2018 nchi yetu ilileta madaktari 100 kutoka Cuba, wengi wao wa familia, na ikawapeleka Wakenya 50 kusomea tiba ya familia hukohuko Cuba. Nilijiuliza wakati ule kwa nini ilikuwa rahisi kuvuka bahari kuliko kutengeneza cheo. Hata hivyo sidhani kwamba masomo na ngazi ya kazi ni mambo mawili ya kuchagua moja. Wajapani walifungua Chuo cha Udaktari cha Jichi mwaka 1972 ambako kila mkoa huchagua vijana wake wachache, wakasomeshwa bila ada, kisha wakaitumikia mikoa yao kwa miaka 9 hivi. Kijana anajua tangu siku ya kwanza anasomea mahali gani, na wanaomfundisha wanajua pia. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2010 na ile ya 2021 kuhusu watumishi wa vijijini, linashauri mambo hayo yafanywe kwa pamoja: kuwachukua wanafunzi waliotoka vijijini, kuwafundishia huko, na kuwapa huko njia ya kupanda. Wewe wa Namtumbo, ndugu yangu, ni aina ile hasa ya mwanafunzi ambayo miongozo hiyo inasema atafutwe. Chuo kilikupata. Kilichobaki ni kisikupoteze.

Mwaka wa Nne alijibu:

Nawashukuru wote kutoka moyoni. Nimeyasoma majibu haya mara tatu, na jana nikawasomea wenzangu wawili ninaokaa nao chumba kimoja. Mmoja wao alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba tangu aanze kuingia wodini hajawahi kusikia jina la tabibu yeyote likitajwa, ila "wa zahanati" tu.

Tabibu, maneno yako hayakuniuma kwa ubaya. Nimetambua kwamba katika wiki zangu sita nilijifunza kutoka kwa mwenzako bila hata kumuuliza amesoma wapi na amefanya kazi miaka mingapi.

Nina jambo moja la kuamua, na ninaomba ushauri. Mwakani tunapewa wiki kadhaa ambazo kila mmoja hujichagulia mahali pa kujifunzia. Nilikuwa nimekwisha kuandika barua ya kuomba kwenda kwenye upasuaji wa moyo, kwa kuwa wote tunaamini kwamba mtu akitaja mahali kama pale katika maombi ya ubingwa hutazamwa vizuri. Nikizitumia wiki hizo zahanati au kituo cha afya, je, nitakuwa nimejifungia mlango?

Bingwa wa Watoto alijibu:

Mwanangu, nimeketi katika kamati za kuchagua wanafunzi wa uzamili, na mwombaji anayeweza kueleza aliyojifunza kwa wagonjwa mia tatu aliowaona mwenyewe namkumbuka kuliko aliyesimama nyuma ya watu wanane akichungulia upasuaji. Siwezi kuwasemea mabingwa wa idara nyingine. Kwangu mlango uko wazi, na hata ukiamua kutoupitia, barua ya kukutambulisha nitakuandikia.

Tabibu wa Zahanati alijibu:

Kama utakuja huku kwetu, njoo Machi au Aprili wakati wa masika, maana ndipo malaria na nimonia zinapokuja pamoja na ndipo utakapojua kuhesabu pumzi. Omba kibali kwa mganga mkuu wa wilaya mapema, uje na daftari la kuandika kila mtoto uliyemruhusu kwenda nyumbani, tutakwenda kuwatembelea siku ya tatu kuona wanaendeleaje. Koti jeupe liache chuoni, kwa sababu watoto wa hapa wakiliona huanza kulia kabla hujawahesabia hata pumzi moja.